Kama ni Hatari, Leteni Ushahidi

 

Leo twataka kuzungumzia neno moja tu: hatari. Neno hili limegeuka kufuli. Afisa wa upelelezi akilitamka mbele ya hakimu, kijana anarudishwa rumande, kesi inaahirishwa, na mamake anapanda matatu kurudi nyumbani na ule ule mfuko wa nguo safi aliokuja nao asubuhi.

Nenda ukasikilize mwenyewe korti ya Shanzu, au ile ya Kahawa. Hati ya kiapo inasomwa: mshukiwa ni tishio kwa usalama wa taifa, ana uhusiano na watu ambao bado wanasakwa, akiachiliwa atavuka mpaka aingie Somalia, atawatisha mashahidi, simu yake imepelekwa kuchunguzwa na ripoti haijarudi, kwa hivyo tunaiomba mahakama itupe siku thelathini zaidi. Badilisha jina na nambari ya kitambulisho, na hati hiyo hiyo itamtosha kijana wa Majengo, wa Kisauni, wa Ukunda, wa Garissa na wa Eastleigh. Kama kanzu ya msaada, saizi moja kwa wote.

Sasa, kabla mtu hajaruka kutuandikia kwamba sisi ni mawakili wa magaidi, tuseme wazi. Wako watu hatari. Tunawajua kuliko wengi wanaotuhubiria, maana wameua watoto wetu pia na wameharibu majina yetu. Mtu ambaye korti imeonyeshwa kwa ushahidi kwamba akitoka ataua, au atakimbia, au atamnyamazisha shahidi, huyo akae ndani mpaka kesi yake iishe. Hatutamwandikia hata mstari mmoja wa kumtetea asizuiliwe. Ugomvi wetu uko hapo kwenye maneno mawili: imeonyeshwa, na ushahidi.

Tuangalie sheria inasema nini, maana wengi wetu tunabishana na hatujaisoma. Kabla ya 2010, mtu akishtakiwa kwa mauaji, uhaini au wizi wa mabavu, habari ya dhamana ilikuwa imekwisha. Hakimu hakuwa na la kuamua, kosa lenyewe lilikuwa limeshaamua. Wakenya walipopiga kura Agosti 2010 waliutoa ukuta huo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu zenye nguvu za kumzuia. Hakikutaja kosa. Hakikusema "isipokuwa ugaidi". Na Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sababu zenye nguvu ni za nani kuzionyesha? Za upande wa mashtaka. Majaji wameshasema hivyo mara nyingi, Mombasa na kwengineko. Kijana hatakiwi kuja kuthibitisha kwamba yeye si hatari. Utathibitishaje kitu ambacho hakiko? Utaleta nini, picha ya wewe umelala? Lakini nendeni mkaone kinachofanyika. Wakili wa mshtakiwa ndiye anayejasho. Analeta barua ya chifu, barua ya imamu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo. Upande wa pili wameleta aya sita walizonakili, na wametulia.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 123A, imempa hakimu mambo ya kupima: uzito wa kosa, tabia na historia ya mshtakiwa, watu anaohusiana nao na mizizi yake katika jamii, kama aliwahi kupewa dhamana akaheshimu masharti, na nguvu ya ushahidi ulioko. Ukiyasoma vizuri, mengi kati ya hayo yanamhusu mtu mwenyewe. Ana familia? Ana kazi? Aliwahi kuitwa na korti akaja? Moja tu ndilo linalohusu jina la kosa. Hili moja ndilo limeyameza mengine yote.

Kiswahili kina methali inayosema samaki mmoja akioza wote huoza. Ni methali nzuri kwa muuza samaki. Mahakamani haina kazi, lakini ndiyo inayotumika: kijana alisali msikiti fulani, darsa fulani lilikuwa la fulani, fulani alikwenda Somalia, basi na huyu ni yule. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa hapa Mombasa wakaondoka na watu zaidi ya mia moja, wakiwemo watoto. Aprili mwaka huo huo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walisombwa Eastleigh na kwengineko wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Hatari ilipimwa kwa mtaa na kwa kabila. Siku zile hakuna aliyeuliza habari ya "mtu mwenyewe".

Halafu kuna mchezo mwengine ambao familia nyingi hawauelewi mpaka umewakuta. Kuna kuzuiliwa baada ya kushtakiwa, na kuna kuzuiliwa kabla ya kushtakiwa. Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ikaja ikaruhusu polisi kumuomba hakimu siku zaidi za uchunguzi, jumla zisipite 90. Siku tisini! Mwenye bodaboda ya mkopo, siku tisini zikiisha pikipiki imeshachukuliwa na mwenyewe. Kibarua wa bandarini, zamu yake imeshapata mtu. Mwanafunzi, mtihani umeshapita. Na mwisho wa siku hizo mara nyengine husikii shtaka lolote, unasikia faili imefungwa. Hakuna wa kumwambia pole.

Twajua jibu la wale wasiokubaliana nasi, na si jibu la kupuuza. Watasema: mmesahau Westgate, watu 67? Mmesahau Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi? Mmesahau Dusit? Watasema korti zikilegea damu inamwagika. Na watatupa mfano ambao ni wa kweli: kulikuwa na kijana wa hapa Mombasa aliyeshtakiwa kwa mambo ya ugaidi, korti ikamwachilia kwa dhamana, akatoweka, na mwaka 2022 akaonekana amekamatwa mashariki mwa Congo. Hili lilitokea. Hatulifichi.

Lakini tuuchukue mfano mzito kuliko huo, tena wa hapa hapa Pwani, na haumhusu Muislamu yeyote. Shakahola. Machi 2023 Paul Mackenzie alikuwa ameshakamatwa kwa vifo vya watoto wawili. Akatoka kwa dhamana. Katikati ya Aprili polisi wakaingia ule msitu, na kilichofuata dunia nzima ilikiona: miili zaidi ya 400 ikifukuliwa. Ikiwa kuna mtu aliyewahi kuwa hatari akiwa nje katika nchi hii, basi ni huyo.

Basi tulikosea wapi? Wengi walikimbilia kusema dhamana ndiyo mbaya, mahakimu ni wepesi. Sisi twasoma vingine. Hakimu hana macho ya kuona msituni. Hana gari la kwenda kuchimba. Anaona kile ambacho polisi na kiongozi wa mashtaka wamemwekea mezani. Na pale ambapo kila mshukiwa anaitwa tishio, kwa maneno yale yale na karatasi ile ile, siku atakayeletwa mtu wa hatari kikweli hati yake itafanana na za wengine wote, na hakimu atamjuaje? Nyinyi mnaotaka usalama, hii kazi ya kunakili viapo inawahatarisha nyinyi kabla haijatudhulumu sisi. Afisa anayejua kwamba neno "tishio" latosha kumweka mtu ndani hana haja ya kwenda kutafuta ushahidi. Ananakili, anatia sahihi, anakwenda kunywa chai.

Na sehemu ya pili ya kisa cha Shakahola wengi hawaizungumzii. Alipokamatwa tena Aprili 2023, upande wa mashtaka ulikaa unaomba siku, unaomba siku, mpaka mwaka ukaisha, bila kumshtaki kwa vifo vile. Miezi tisa karibu. Januari 2024 hakimu wa Shanzu akasema basi: mna siku 14, mshtakini au mumwachilie. Na nini kilitokea? Walimshtaki, ndani ya muda huo, yeye na wenzake wengi. Kumbe inawezekana! Makaburi yaliyojaa watoto, nchi nzima ina hasira, na bado hakimu mmoja alisema sheria ina mwisho wake, na mbingu haikuanguka. Hatari alibaki ndani, lakini alibaki ndani kwa mashtaka. Tunachoomba kwa kijana wa Majengo hakizidi alichopewa Mackenzie.

Turudi kwa Westgate, maana hapo ndipo bei ya neno hili inaonekana. Washtakiwa wanne walikamatwa 2013. Mmoja aliachiliwa mapema 2019, korti ikisema hana kesi ya kujibu. Hukumu ya wengine ikatolewa Oktoba 2020: wawili wakapatikana na hatia wakafungwa, mmoja akaonekana hana hatia. Hesabu hapo. Nusu ya waliokaa kizimbani kwa shambulio lile baya, mahakama yenyewe ilisema hawakuthibitishwa kosa. Mmoja amekaa zaidi ya miaka mitano, mwengine karibu saba. Hiyo miaka nani atairudisha? Serikali haina kifungu cha kulipa miaka. Na yule wa pili, muda mfupi tu baada ya kuachiliwa alitekwa na watu wenye silaha mjini Nairobi. Alishinda kesi na bado hakufika nyumbani.

Linganisha na wenye nguvu. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, aliyekuwa gavana wa Lamu, Issa Timamy, alikamatwa akahusishwa na mashambulio yale. Mashtaka mazito kweli kweli. Alipata dhamana, na baadaye mashtaka yakaondolewa kwa kukosa ushahidi. Akagombea tena 2022, akarudi kuwa gavana. Hatumlaumu hata kidogo, ile ilikuwa haki yake na alidhulumiwa kukamatwa. Ila jiulize: angekuwa mvuvi wa Faza asiye na wakili, ile kesi ingemchukua siku ngapi au miaka mingapi kabla mtu hajagundua kwamba faili haina kitu ndani?

Na hata dhamana inapotolewa, tazama inavyotolewa. "Bondi ya shilingi nusu milioni na mdhamini wa kiasi sawa na hicho." Familia inashangilia pale uani, watu wanakumbatiana, halafu karani anawaambia leteni hatimiliki ya ardhi au kitabu cha gari. Kimya.

Hapa Pwani hatimiliki ni ya nani? Watu wamezaliwa Kisauni, wamezikwa Kisauni, vizazi vinne, na kwa karatasi wanaitwa maskwota. Kwale vivyo hivyo. Kilifi vivyo hivyo. Lamu ndiyo usiseme. Mwenye shamba yuko mbali, hajawahi hata kuuona mwembe wake. Kule Garissa, Wajir na Mandera ardhi ni ya jamii, hakuna karatasi yenye jina la baba yako. Kwa hivyo dhuluma ya ardhi ya miaka sitini, na zaidi ya hiyo, inatufuata mpaka kaunta ya korti. Hakimu kaandika kwamba mtu huyu anaweza kuachiliwa, maana yake ameshaamua kwamba hatari haikuonyeshwa, na bado mtu huyu anarudi Shimo la Tewa kwa sababu babu yake hakupewa karatasi. Katiba inasema masharti yanayofaa. Yanamfaa nani?

Tena yuko afisa wa urekebishaji tabia, anayetumwa mtaani kuandika ripoti kabla ya dhamana. Ni kazi nzuri, wengine wanaifanya kwa uadilifu. Lakini akibisha hodi mlango wa jirani aulize "mnamjua huyu, mko tayari arudi hapa?", jirani anaona nini? Anaona kwamba nikimsifu, kesho jina langu litakuwa kwenye ile orodha ya "watu anaohusiana nao". Jirani anasema simjui. Ripoti inaandika: jamii haikuonyesha kumuunga mkono. Hofu iliyotengenezwa na polisi inarudi kortini ikiwa imevaa nguo za ushahidi.

Hatukuanza leo. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama katika kile kikao cha vurugu mlichokiona kwenye runinga, wabunge wanavutana mashati. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha kwamba korti ikishampa mtu dhamana katika kesi kama hizi, upande wa mashtaka ukisema tu wataka kupinga, ile amri inaweza kusimamishwa mpaka siku 14. Yaani jaji anaamua atoke, na mkuu wa mashtaka anasema ngojeni kwanza. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu waliking'oa, pamoja na vipengele vyengine saba, wakasema kinapingana na haki ya dhamana. Mnaotuambia kwenda kortini ni kupoteza wakati, likumbukeni hilo.

Wakati ule Wakenya wengi walinyamaza. Si wote, twawashukuru waliosimama nasi, lakini wengi walisema hayo ni mambo ya Waislamu na Wasomali, wajipange. Kisha ikaja Juni na Julai 2025. Vijana wa maandamano, wana wa makanisa na wa misikiti, wengine wa hata dini hawana habari, wakapandishwa kizimbani Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Ugaidi! Ghafla watu wakaanza kuuliza maswali tuliyouliza miaka kumi nyuma: ushahidi uko wapi, kwa nini Kahawa, kwa nini wasiachiliwe? Karibuni. Hatuna kinyongo. Chombo kilichonolewa kwa shingo za wengine hakijui shingo.

Sasa tufike kwenye lile ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Kifungu cha 123A kinaruhusu hakimu kumnyima mtu dhamana kwa ajili ya usalama wake mwenyewe. Usalama kutokana na nani? Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa barabarani hapa Mombasa, yuko ndani ya gari na familia yake. Alikuwa nje kwa dhamana, kesi yake haijaisha. Tarehe 1 Aprili 2014 Abubakar Shariff, Makaburi, alipigwa risasi nje tu ya korti ya Shanzu. Polisi walikana kuhusika. Hakuna aliyehukumiwa kwa damu hizo. Unaweza kuchukia kila neno waliloliongea wale wawili, na wapo Waislamu wengi waliowapinga hadharani, lakini hao walikuwa watu waliokuwa wakijibu mashtaka mbele ya mahakimu. Oktoba 2021 mwengine alimaliza kifungo chake Kamiti, akatoka na wakili wake, wote wawili wakatekwa siku hiyo hiyo. Wakili akapatikana siku kadhaa baadaye.

Ndiyo maana hati za kiapo za kunakili hatuwezi kuzichukulia kama uvivu wa ofisini tu. Mtu aliyeambiwa hadharani kwamba ni hatari, bila ushahidi kupimwa, anatoka kortini akiwa na alama mgongoni. Kikao cha dhamana chenye ushahidi wa kweli kingemlinda pande zote: ikiwa ni hatari, abaki ndani mahali panapojulikana, kwenye daftari la gereza, familia inajua aliko. Ikiwa si hatari, rekodi ya korti iseme hivyo kwa sauti.

Kwa hivyo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma tunasema: kataeni kupeleka kortini hati isiyotaja tendo, tarehe na mahali. Kama mshukiwa amezungumza na mtu anayesakwa, semeni lini na kwa njia gani. Kama ana mpango wa kukimbia, onyesheni tiketi, onyesheni pesa, onyesheni ujumbe. Mkiwa na siri ya usalama ambayo haiwezi kusomwa mbele ya watu, mwonyesheni hakimu faraghani na wakili wa mshtakiwa apewe muhtasari wa kujibu. Kwa mahakimu: siku za uchunguzi zikiombwa mara ya pili, mara ya tatu, ulizeni zile za kwanza zilifanya kazi gani. Masharti yako mengi kati ya kumwachilia mtu hivi hivi na kumfungia: kuripoti kituoni kila wiki, kuweka pasipoti kortini, kutotoka kaunti bila ruhusa, wadhamini wawili wanaojulikana mtaani. Mzee wa mtaa anayeheshimika ana thamani kuliko hatimiliki ya mtu asiyemjua kijana. Na familia za waliouawa Westgate na Garissa, nao wana haki ya kusikilizwa kabla ya dhamana kutolewa. Hatuogopi wasikilizwe, hao ndio wanaodanganywa zaidi mtu asiye na hatia anapoozea rumande na muuaji yuko nje.

Kwa familia, haya ya kufanya. Kijana akishikwa, andikeni saa, mahali, na nambari za gari mlizoziona. Saa 24 zikipita hajafikishwa kortini, wakili apeleke ombi Mahakama Kuu siku hiyo hiyo, msisubiri Jumatatu. Siku ya kikao, wakili adai nakala ya hati ya kiapo mapema na aombe afisa aliyeitia sahihi aje aulizwe maswali. Wengi wao hawajawahi kuulizwa. Pelekeni karatasi zote za mizizi yake: kazi, nyumba, shule ya watoto, matibabu. Wadhamini wawe tayari tangu siku ya kwanza, na vitambulisho vyao viwe mfukoni.

Na siku ya kuachiliwa msiende watu wawili. Nendeni wengi, pamoja na wakili, na mzee wa msikiti au wa mtaa. Mtumieni wakili nambari ya gari mtakalopanda. Msisimame njiani kununua kitu mpaka mfike nyumbani.